Kabla ya Kisu: Sala, Damu na Dada wa Mwaloni

Rika letu tunajua kujipanga. Tuna kiwanja Kishiri au Buhongwa, tuna mkopo wa gari, tuna hesabu ya ada mpaka mtoto amalize darasa la saba. Kuna wapenzi ambao hata posa haijapelekwa, lakini ukumbi na rangi ya sare za kamati wameshachagua. Sasa nikuulize, mpenzi msomaji: wewe na mwenzio mmeshawahi kukaa mkaongea kuhusu siku ambayo mmoja wenu ataambiwa, "Inabidi tukupasue, na upasuaji wenyewe ni mkubwa"?

Wengi bado. Ndiyo maana nimeona niandike haya. Sitaki kumtisha mtu. Ila yaliyonipata mwaka 2022 yamenifanya niamini kwamba anayekwenda kwenye upasuaji mkubwa anahitaji watu wa aina tatu: daktari anayeijua kazi yake, watu wanaomwombea, na mtu aliyepita njia ile ile akarudi. Akikosekana mmoja, wale wawili wanazidiwa.

Kiungo cha kimyakimya

Kongosho ni kiungo kisichojitangaza. Limejilaza nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kama sentimita 15, na kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Lina kazi mbili kubwa. Linatoa insulini inayoweka sukari sawa kwenye damu, na linatoa vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta. Mrija wa nyongo unaotoka kwenye ini unapita kwenye kichwa hicho hicho. Kwa hiyo uvimbe ukiota pale, hata uwe mdogo, unaweza kuubana mrija, na nyongo inayokosa njia inarudi kwenye damu.

Kwangu mimi ilianza hivyo. Nilikuwa na miaka 36, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, afisa mikopo, mkazi wa Igoma. Mwili ulianza kuniwasha usiku kucha, nikafikiri ni sabuni. Mkojo ukawa rangi ya chai kavu iliyokolea, choo kikapauka kama udongo wa mfinyanzi, kisha macho yakawa ya njano. Ofisini wakasema malaria sugu. Mtaani, mnajua wenyewe, wakaanza kumtafuta mchawi. Utrasaundi ikaonyesha njia ya nyongo imevimba, CT skani ikaonyesha sababu: uvimbe kwenye kichwa cha kongosho.

Tusidanganyane kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Madaktari wa Bugando, hapa hapa Mwanza, walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu wagonjwa wenye manjano ya kuziba njia ya nyongo. Kati ya sababu za kansa, iliyoongoza ilikuwa kansa ya kichwa cha kongosho. Tatizo ni kwamba inajitokeza ikiwa imechelewa. Duniani kote, wagonjwa wanaokutwa bado wanaweza kupasuliwa uvimbe ukatolewa wote ni kama 15 hadi 20 tu katika kila 100. Mimi niliambiwa nimo kwenye hao wachache. Nilishukuru, halafu nikaambiwa upasuaji wenyewe ukoje, shukrani ikanikauka mdomoni.

Unaitwa upasuaji wa Whipple, kwa jina la daktari wa Marekani, Allen Whipple, aliyeutangaza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alishafanya unaofanana nao mwaka 1909. Wanaondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo, kipande cha mrija wa nyongo, na mara nyingine sehemu ya tumbo la chakula. Kisha wanaanza kuunga upya: kongosho lililobaki na utumbo, mrija wa nyongo na utumbo, tumbo na utumbo. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda wa saa nne hadi saba, wewe umelala kwa nusu kaputi na hujui lolote.

Kuna swali ambalo kila mgonjwa ana haki ya kuliuliza: "Daktari, umeshafanya upasuaji huu mara ngapi?" Miaka ya 1960 na 1970, kwenye hospitali nyingi kama mgonjwa 1 kati ya 4 alikuwa hatoki hai. Leo, kwenye hospitali zinazoufanya mara kwa mara, wanaofariki ni chini ya 5 katika kila 100. Mazoea ya mikono ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Mimi niliuliza. Daktari wangu hakununa. Alinitajia idadi, kisha akanitajia na waliofariki, bila kuzungukazunguka. Kwa majibu yale ndipo nikasaini fomu.

Maswali ya usiku

Lakini kuna maswali ambayo daktari hawezi kukujibu, na si kwamba hakusoma. Nitaamka nikiwaje? Nitaweza kujigeuza kitandani? Mtoto wangu wa mwisho akija kuniona atakimbia? Hayo yanakuja saa nane za usiku, na daktari yuko kwake amelala.

Muuguzi mmoja wa kliniki aliliona hilo usoni mwangu. Akaniambia, "Kuna mama alifanyiwa huu huu miaka mitatu iliyopita. Nimemuuliza, amesema yuko tayari kuonana na wewe. Unataka?" Nikataka. Kumbe ni jirani, anakaa Igoma kama mimi, nyumba zetu haziachani hata nusu kilomita. Anafanya biashara ya dagaa, ghala na wateja wake viko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kongosho?"

Alivyouliza, ungedhani anauliza nani mwenye oda ya chipsi. Nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Tukaingia chumbani, akafunua kanga, akanionyesha kovu. "Liguse. Usiogope, halitafunguka. Asubuhi hii nimetoka Mwaloni kupakia mzigo wa Kigoma." Jamani, niliambiwa takwimu nyingi, lakini hakuna takwimu iliyonituliza kama lile tumbo lenye kovu lililokuwa limetoka kupakia dagaa.

Akaniambia mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Kwamba nitaamka na mpira puani na mirija tumboni, kwa hiyo nimwambie mume wangu mapema, asije akazimia wodini. Kwamba kesho yake tu watanikalisha, na mimi nitawaona makatili, lakini nikubali, maana anayelala tu mapafu yake yanajaa. Kwamba nikitaka kukohoa nikunje kanga, niikumbatie tumboni kwa nguvu, ndipo nikohoe. Kwamba tumbo linaweza kususa. "Kususa vipi, dada?" "Linanuna. Unalipa uji, linaukataa. Siku nne, siku saba, linaweza kuzidi. Utafikiri umeharibika ndani. Hujaharibika, linajifunza njia mpya."

Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mkatoliki. Akasema, "Inshallah utavuka." Nikasema, "Amina."

Jumuiya na chupa za damu

Kwetu jumuiya ndogondogo inakutana kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Walipokuja kwangu walisali rozari, wakaimba. Mwisho mwenyekiti akasimama: "Tumemwombea dada yetu. Sasa hospitali inataka watu wa kuchangia damu. Nani anakwenda Jumatatu?"

Walikwenda 11. Wanne walirudishwa, huyu presha iko juu, yule damu yake mwenyewe haimtoshi. Saba wakatoa, na mume wangu wa nane. Kijana wa bodaboda wa kituo chetu, ambaye si Mkristo na hajawahi kuisikia litania hata moja, alipopata habari aliegesha pikipiki akaenda kutoa wa tisa. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema "tunakuombea" huwa nakumbuka wale watu wamekunja mikono ya mashati, wamekaa kwenye benchi wanasubiri sindano.

Siku ya kuamkia upasuaji padri alikuja kunipa Mpako wa Wagonjwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kulia, akijua ndiyo nakwenda. Ni mazoea ya zamani, watu waliuita mpako wa mwisho. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishafafanua tangu mwaka 1963 kwamba si sakramenti ya wanaokata roho peke yao, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya wa kuwapaka wagonjwa. Padri akamweleza yule mama taratibu, akamaliza kwa kumuuliza kama na yeye angependa. Akapenda. Usiku ule wodi yetu ililala vizuri.

Kikombe na kisu

Hata hivyo, msomaji, usifikiri imani ilikuja na sura moja. Shangazi yangu alisafiri kutoka kijijini kuja kunizuia. Alikuwa amepata habari za mhubiri mmoja anayesema kisu kikigusa uvimbe unasambaa, dawa ni kufunga siku kadhaa na kutoa sadaka. Shangazi ananipenda, tena sana. Ndiyo maana ilikuwa ngumu. Mtu asiyekupenda ni rahisi kumkatalia.

Wote mnaikumbuka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500 kijijini Samunge, na nusu ya Afrika Mashariki ikahamia barabarani. Wapo waliotoka wodini kwenda kupanga foleni, na wapo waliofia kwenye foleni hiyo hiyo. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Siwacheki waliokwenda. Maumivu yakikushika kisawasawa, kikombe chochote utakitazama mara mbili. Ninachosema ni kwamba kansa ya kongosho haina subira. Mwezi wa kwenda kutafuta muujiza unaweza kuwa ndio mwezi ambao uvimbe unafika kwenye mishipa mikubwa ya damu, na ukishafika huko daktari anaweza kufungua tumbo na kulifunga tena.

Katika Biblia yetu kuna kitabu cha Yoshua bin Sira. Sura ya 38 inamfundisha mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampishe tabibu, kwa sababu naye ameumbwa na Mungu. Nilimsomea shangazi sura nzima. Halafu nikamwambia, "Shangazi, nitaombewa na nitapasuliwa." Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kwa Kisukuma, nani atabaki na watoto. Akabaki yeye, miezi miwili.

Mimi na baba watoto

Wiki moja kabla, mimi na mume wangu tulizima televisheni tukakaa mezani na daftari. Nani anatudai, tunamdai nani. Bima inalipa nini na nini hailipi. Namba za siri za simu na benki. Hati ya kiwanja iko wapi. Nikifa, watoto wasitenganishwe. Alikuwa hataki kuandika sentensi hiyo. Nikachukua kalamu nikaiandika mwenyewe, akasaini huku machozi yanadondokea karatasi. Ukiniuliza usiku gani wa ndoa yetu naukumbuka kuliko wote, nitakutajia ule, na harusi yetu ilikuwa na keki ya ngazi tano!

Kitu kingine ambacho sikukitegemea: mume wa yule dada alimpigia mume wangu simu, akamwita wakanywe kahawa. Wanaume hawa hawakuwa wanafahamiana. Walikaa saa mbili. Sikuambiwa yote, lakini moja nililijua baadaye. Alimwambia, "Utaogopa kumgusa. Wewe mguse. Mshike mkono, mpake mafuta miguu. Mkeo akiona unamkwepa atafikiri anakunukia vibaya."

Najua wasomaji wa kurasa hizi mnataka kuuliza kuhusu chumbani. Ilituchukua miezi kadhaa. Nilikuwa nimekonda, nina kovu, na tiba ya dawa za mshipa iliniondolea hamu ya kila kitu. Lakini kwa kuwa mkono wake haukuwa umeondoka mwilini mwangu tangu wodini, hatukuwa na haja ya kuanza upya kama wageni. Tuliendelea tu, polepole.

Baada ya kisu

Walinipasua Agosti 2022, karibu saa saba kwenye meza. Niliamka na mpira puani na mirija tumboni, kama nilivyoambiwa. Mume wangu hakuzimia. Siku ya tano tumbo likasusa. Kila kijiko cha uji kilirudi, siku nane mfululizo. Wauguzi walinieleza kitaalamu, nami niliwaelewa, lakini kilichonizuia nisikate tamaa ni sauti ya dada: linajifunza njia mpya. Alikuwa akija jioni akitoka Mwaloni, ananuka dagaa, anakaa dakika kumi, hasemi sana. Siku ya tisa nikameza vijiko vitatu vikakaa. Akapiga kigelegele mpaka nesi akamtoa nje.

Majibu ya maabara yalisema ni kansa kweli, kingo za kipande kilichokatwa ni safi, lakini tezi mbili za jirani zilikuwa zimeguswa. Ndiyo maana nikapewa dawa za mshipa kwa miezi sita. Leo nakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, napima sukari, na kila mlo nameza vidonge vya vimeng'enya, la sivyo mafuta yote yanatoka kama yalivyoingia.

Vidonge hivyo navyo vina kisa. Vinatengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Dada aligundua hilo akiwa ameshaanza kuvitumia, akaviweka chini akaenda kwa sheikhe wake. Akajibiwa kwamba ikiwa hakuna dawa mbadala na afya inategemea hiyo, dharura inaruhusu. Tangu hapo, muuguzi akimletea mgonjwa Mwislamu au Msabato, anamweleza mapema na kumshauri amuulize kiongozi wake wa dini kabla ya kuanza. Hebu niambie, ni daktari gani angekumbuka kumwandaa mgonjwa kwa jambo kama hilo?

Tusiwaumize wengine kwa shuhuda zetu

Sisi wa Igoma tuna majirani ambao hawaongei. Baadhi ya waliokufa kwenye ajali ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wamezikwa hapa kwetu. Meli ilikuwa inatoka Bukoba, ikazama ikiwa imebakiza safari fupi tu kuingia bandari ya Mwanza. Walikufa mamia ya watu. Nikipita pale huwa nawaza kwamba na wao walikuwa na watu wa kuwaombea. Walikuwa na mama zao, rozari zao, tasbihi zao. Kwa hiyo siku niliyoitwa kanisani kutoa ushuhuda, nilishukuru kwa moyo wote, ila sikusema Mungu ameniponya kwa sababu ya imani yangu. Ningesema hivyo, ningekuwa nawaambia wajane na yatima waliokaa kwenye mabenchi kwamba ya kwao ilikuwa ndogo.

Nilizidi kulielewa hilo mwaka uliofuata, muuguzi wetu aliponipigia simu. Safari hii mimi ndiye niliyeombwa kukutana na mgonjwa mpya, kaka mmoja wa miaka 41, fundi umeme. Nikamwonyesha kovu langu, nikamfundisha kukumbatia kanga. Walipomfungua walikuta kansa imeshafika kwenye ini. Wakamfunga.

Nilimwomba dada twende wote, maana sikujua nitamtazamaje. Kaka yule alinitazama yeye kwanza. Hakuniuliza kwa nini mimi na si yeye. Aliuliza kama usiku maumivu yakizidi ni vibaya kuomba dawa tena kabla ya muda. Nikamwambia si vibaya, mwambie nesi, usione aibu. Dada akamwambia wasichana wake waje wakae naye, asiwafiche. Tukakaa. Tukasali, kila mtu kwa njia yake. Aliishi miezi minne, kwake, na wasichana wake wakiwa naye.

Tuliporudi kutoka mazikoni, mke wake alinishika mkono mlangoni akaomba namba ya simu. Nilifikiri anataka mtu wa kulia naye, na kweli tulilia. Lakini mwaka jana alikuja kliniki kwa miguu yake, akamwambia muuguzi kwamba wanaovuka wana mimi na dada, je, wasiovuka wana nani? Siku hizi tunakwenda watatu.